UJUMBE SI HELA
Hotuba ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika kuhusu usalama wa simu na intaneti

(Ndugu Mwenyekiti ameagiza hotuba hii ibandikwe ubaoni kwa ajili ya waliokuwa shamba siku ile. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Malipo ya korosho yanakaribia. Siku hizi hela haihesabiwi mezani. Inaingia benki, na wengi wetu tunaivutia kwenye simu. Jambo hilo ni jema, maana zamani mtu alitoka ghalani na bahasha huku wezi wanamngoja njiani. Lakini mwizi naye kahama. Njiani hayupo tena, yuko kwenye simu yako.

Nimeagizwa niseme habari za usalama wa simu, na wa ile mashine ya intaneti tuliyoifunga ofisini. Nitasema kwa lugha yetu hii hii. Asiyeelewa anyooshe mkono.

Hakuna mtu humu ambaye hajapata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Watu wanauliza, huyu kajuaje kama nina deni? Ndugu zangu, hajui kitu. Anapeleka maneno yale yale kwa watu maelfu, na katika maelfu hao hawakosekani wachache ambao kweli asubuhi ile wanangoja kuambiwa hela waipeleke wapi. Huyu ana kodi ya chumba cha mtoto mjini, yule ana hela ya mbolea. Hao ndio wanaonaswa. Basi usimjibu. Mpigie yule anayekudai kwa namba yake ya siku zote, umsikie sauti. Halafu peleka ujumbe ule pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo.

Upo ujumbe wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu unamwinda mtu mwema. Mzee wetu mmoja (jina nalihifadhi, na mwenyewe yumo humu ndani) msimu uliopita alipata maandishi kwamba amepokea shilingi 180,000. Dakika haijapita, simu inaita. Kijana analia: baba yangu, nimekosea namba, hiyo ni hela ya dawa za mama, nirudishie. Mzee akarudisha. Kumbe hakuna kilichoingia! Maandishi yale yaliandikwa na yule kijana kwa vidole vyake, kama unavyoandika barua. Hela iliyokwenda ni ya mzee mwenyewe, ya palizi.

Wapo waliomcheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu aliyeibiwa kwa huruma yake si mjinga kuliko aliyevunjiwa mlango.

Ujumbe si hela. Hela ni salio. Kabla hujarudisha hata senti moja, bonyeza mwenyewe zile namba za kampuni yako uangalie salio, kama limeongezeka au liko pale pale. Na hata kama limeongezeka kweli, mwambie aliyekosea apige 100 kwenye kampuni yake. Wao ndio wenye kazi ya kurudisha, si wewe.

Sasa namba ya siri. Tarakimu nne zinaweza kupangwa kwa namna 10,000, kuanzia 0000 mpaka 9999. Mwizi hawezi kuzijaribu zote, maana ukikosea mara chache huduma inajifunga. Lakini hana haja ya zote. Ataanza na 1234, halafu mwaka wako wa kuzaliwa, na mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho chako ambacho kila siku unakikabidhi kwa wakala. Ninyi wa 1958 na 1964 mnajijua, nawaona mnavyotazama chini. Badilisheni leo. Wala hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu, wa benki, wala wa ushirika huu, wala mimi Katibu, mwenye ruhusa ya kukuuliza namba hiyo. Anayeuliza ni mwizi, hata awe na sauti nzuri namna gani na akutaje kwa majina yako matatu. Vijana, na zile tarakimu sita za WhatsApp ni vivyo hivyo. Ukimtajia mtu, amechukua akaunti yako, na kesho anamkopa mjomba wako kwa jina lako.

Kuhusu laini. Usajili wa alama za vidole ulianza 2019, na ni jambo la maana. Lakini wapo wauza laini wa chini ya mwavuli wanaokwambia "mama, kidole hakijasoma, weka tena". Kidole kimesoma! Cha pili ndicho kinachosajili laini nyingine kwa jina lako, inauzwa kwa tapeli, na siku polisi wakitafuta, wanakuja kwako. Piga *106# ufuate maelezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua nenda ofisi ya kampuni wakaifute. Na ukiona simu yako imekosa mtandao ghafla wakati jirani mwenye laini kama yako anao, usilale. Azima simu upige 100 uulize kama laini yako imehamishiwa kwa mtu mwingine.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndiyo shabaha yangu. Tunaambiana siri, siri. Lakini mtu asiyejua kusoma ataitunzaje? Bibi anapokea ujumbe, anamwita mjukuu amsomee. Anataka kutoa hela, anampa wakala simu na kumtajia namba mbele ya foleni nzima. Sisemi mawakala wetu ni wezi, wengi ni watu waaminifu. Nasema siri ya watu watatu si siri. Mimi nimejua kusoma nikiwa na mke na watoto wawili, darasani kwenye kisomo, na najua aibu ya kumpa mtu mwingine barua yako akusomee mambo ya nyumba yako. Kwa hiyo tumekubaliana na mwalimu wa kisomo kwamba kabla ya malipo darasa liache kitabu kwa wiki nne, lifundishe simu. Tarakimu kumi, na maneno manne: UMEPOKEA, UMETUMA, SALIO, na jina lako mwenyewe. Mtu akiyajua hayo anaweza kusimama kwa wakala akabonyeza mwenyewe, mkono mmoja umefunika.

Sasa ile mashine ya ofisini, vijana wanaiita ruta. Imetoka kiwandani na jina la kuingilia na neno la siri, mara nyingi ni "admin" yote mawili. Mtu anasema, nani ataijua mashine ya kijijini? Mwaka 2016 ilitokea programu ya kijambazi iitwayo Mirai. Ilikuwa ikibisha hodi kwenye ruta na kamera za ulinzi dunia nzima, ikijaribu maneno ya kiwandani kama 60 tu. Kwa hayo 60 iliteka mashine laki kadhaa. Tarehe 21 Oktoba 2016 zilitumiwa kuishambulia kampuni moja ya Marekani, na tovuti kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye mashine wengi hawakuwa na habari kabisa. Haikuchagua mjini wala kijijini.

Kwa hiyo kamati imebadilisha lile la kiwandani. Neno la waifai lililoandikwa kwa chaki mlangoni limefutwa, na asiliandike mtu tena. Jipya ni refu, maneno manne yasiyohusiana, mfano "jembe samaki harusi kengele". (Hilo si lenyewe, msijisumbue kulijaribu.) Urefu ndio unaomshinda mwizi kuliko kuweka alama za ajabu ajabu. Kinga yake ni WPA2. Ile ya zamani, WEP, ilijulikana tangu 2001 kwamba inavunjika, mwenye ruta kuukuu nyumbani aangalie. Tena tumefungua waifai mbili: ya wageni, na ya kompyuta ya ofisi yenye daftari la mizani. Kijana anayetaka kuangalia mpira aingie ya wageni, asigombane na mtunza hesabu.

Mikopo ya kwenye simu nitaisema kwa ufupi. Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako wote, kataa. Ndizo zinazotumiwa kukuaibisha kwa wakwe ukichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Chama chetu kinakopesha, na daftari liko wazi.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: mjukuu wangu ananisaidia kwa moyo safi, nimnyime? Nikamjibu, akusomee maandishi, lakini namba ya siri ubonyeze wewe.

Ndugu mmoja aliuliza kama kitochi nacho kinaibiwa. Hela inaibiwa kwenye kitochi kama kwenye simu janja, kwa maana mwizi hapiti kwenye kioo, anapita kwenye maneno.

Darasa ni Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, chini ya mwembe wa ghala. Kila mtu aje na simu yake, iwe na chaji. Namba ya siri aiache kichwani.

Katibu