Njia si yetu, jirani ni wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba, Nyantende)



Wakati tulirudia hapa, kila mutu alijenga pale alipata nafasi. Njia ikabaki nyembamba. Tukaandika kanuni: hakuna kuweka gari wala pikipiki mbele ya mlango wa mwenzako, mwenye kukosa alipe amande. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini tuliisukuma mbali sana.

Usiku mmoja vijana wetu walifunga pikipiki ya jirani na mnyororo. Yeye hata si memba. Mtoto wake akashikwa na homa. Mama akamubeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Ila mnyororo ule tuliununua na pesa ya mfuko wa misaada. Ni haya kwetu, na wafadhili wana haki ya kujua.

Tuseme kweli. Sheria ya 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida inatuacha tujipangie kanuni kati yetu. Haitupe njia. Udongo, sheria ya 1973 inasema, ni mali ya Serikali.

Basi tumeamua: kanuni ni ya memba tu. Mwenye kukosa anaitwa, anasemeshwa; ikishindikana, tunaenda kwa chefu. Amande zote zitarudishwa. Pesa ya mnyororo, sisi wa komite njo tutairudisha kwa mfuko.

Siku ya posho, salongo: kila mmoja arudishe ua wake nyuma kidogo, pikipiki ipate pa kusimama.