Mwacheni Kijana Alale



Katika machimbo ya Geita na Kahama vijana hupigwa na jiwe kichwani, au huanguka na pikipiki. Jeraha hufunga, lakini usingizi hukawia kurudi. Usiku wakesha, mchana wasinzia darasani; nasi twawaita wavivu, au twanong'ona kwamba wamerogwa. Tunawakosea. Ubongo uliotikiswa hupona polepole.

Elia alipolala chini ya mretemu, malaika hakumkemea: alimpa mkate, akamwacha alale tena. Nasi tuwapangie saa ile ile ya kulala kila siku, warudi masomoni kidogo kidogo. Lakini kijana akitapikatapika, au asipoamshika, tumkimbize hospitalini, si kwa mganga.

Bwana awajalie usingizi wa amani. Amina.