Bure kwa Nani? Wokovu na Mke wa Pili katika Makanisa ya Migori na Homa Bay

Wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa,

Kwamba wokovu ni zawadi, hapa hakuna anayebisha. Waefeso sura ya pili tumeihubiri hata watoto wanaisema bila kufungua Biblia. Mada yangu inaanzia mlangoni, siku ya kuandika majina ya wanaotaka kubatizwa, anapofika mwenye wake wengi.

Mwaka 1888 kulikuwa na mikutano miwili. Kule Minneapolis, Marekani, Waadventista walibishana vikali baada ya Jones na Waggoner kusisitiza kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani. Mwaka huohuo maaskofu wa Kianglikana, wakiwa Lambeth, London, waliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Abaki mwanafunzi mpaka aweze kuikubali sheria ya Kristo. Mwangwi wa mikutano yote miwili ulitufikia. Wamisionari Waadventista, Carscallen na Peter Nyambo, walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, walileta habari ya neema, na kanisa lao hadi leo linamtaka mume abaki na mke mmoja kwanza. Wakatoliki nao wana sharti lao la namna hiyo.

Sasa mtazameni mzee ambaye kila mmoja wetu anamjua, awe wa Nyatike au wa Karachuonyo. Ana wake watatu. Mabati ya kanisa alichangia yeye. Wageni wa askofu hulishwa ng'ombe wake. Ibada haikosi, ila meza ya Bwana inapoandaliwa hubaki kwenye benchi la nyuma, kofia magotini. Akiugua hoi, padri huja kumbatiza kitandani. Yaani neema humfikia akiwa hana tena nguvu za kuwa mume wa yeyote! Sijui kwa nini jambo hili halitusumbui zaidi.

Na akitii mapema? Yeye hupata cheti cha ubatizo, mke wa pili hupata nauli ya kurudi kwao. Kimila ndoa haivunjiki mpaka ng'ombe wa mahari warudi, na ng'ombe wenyewe walishatumiwa na kaka zake kuoa zamani. Kwa hiyo mama huyu hana kwao, hana kwake, na watoto wanabaki kuulizwa shuleni baba yao ni nani. Zawadi tuliyoiita bure imelipiwa, na aliyelipa hakuulizwa.

Nasikia jibu: Warumi sita, neema si ruhusa ya kutenda dhambi. Kweli kabisa, na sitetei ndoa za wake wengi. Lakini toba huzaa matunda baada ya mtu kupokelewa; tukiyadai kabla, tumeweka bei. Tena ni tunda gani hilo la kumfukuza mama na wanawe?

Kanisa la Legio Maria lilipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilimpokea mzee yule pamoja na nyumba zake zote. Tulizicheka kanzu zao, tukayachambua mafundisho yao (mengine yanastahili kuchambuliwa), lakini hatukujiuliza watu waliokuwa wakielekea Got Kwer, mahali patakatifu pa Legio, walikuwa wamekataliwa wapi. Waanglikana walijiuliza, ingawa kwa kuchelewa: mkutano wa Lambeth wa 1988, kwa hoja iliyosukumwa na askofu wetu David Gitari, uliruhusu mume abatizwe pamoja na wake na watoto walioamini, asilazimishwe kumwacha yeyote, mradi asioe tena wakati wake hao wangali hai na kanisa la mahali pale liridhie.

Kwa kikao cha mchana napendekeza mambo mawili. Kila mtaa ulete majina ya wanaosubiri ubatizo kwa sababu hii, na kila jina liandikwe pamoja na wake zake wote. Kisha, kabla ya halmashauri kuamua lolote, mke wa pili na wa tatu waitwe, wapewe viti, wasikilizwe wenyewe, mume akiwa nje.