Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Ndugu zangu viongozi wa walei, huenda mwajiuliza kwa nini hapa Songwa, penye mashamba na mifugo, tuzungumzie maghorofa ya mjini. Watoto wetu wengi wamepanga vyumba Mwanza na Dar es Salaam. Tena uchungu wa kupoteza makao tunaufahamu: tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilibomoka, na baadhi ya jirani zetu wakaachwa bila nyumba.

Basi tujiulize: makazi ya wanyonge yanapobomolewa ili yajengwe mapya, wenyeji wake wanahesabiwa wapi?

Tutazame Magomeni Kota, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wapangaji waliondolewa, nyumba zao kuukuu zikabomolewa, nao wakaahidiwa kurudi. Miaka ikapita, kiwanja kikabaki kitupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza Serikali iwajengee, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa kwa ajili ya kaya 644. Hizo ndizo kaya zilizoondolewa. Ziliweza kurudi kwa sababu idadi yake ilijulikana, na wenyewe hawakuacha kudai. Hata hivyo, walisubiri takriban miaka kumi.

Siku hizi wapo wanaoshauri kwamba makazi ya namna hiyo yachanganye matajiri na maskini katika ua mmoja. Wazo hilo ni jema. Mtoto wa mchuuzi na mtoto wa mhasibu wakipanda ngazi moja, hujifunza kuheshimiana. Lakini huko Chicago, Marekani, maghorofa ya Cabrini-Green yalibomolewa kati ya miaka ya 1990 na 2011, na nyumba za mchanganyiko zikajengwa mahali pake. Wengi wa maskini waliokaa pale hawakurudi. Wahenga walisema, «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Pale mgeni alikuja, mwenyeji akaondoka.

Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka juu ya watu wasio na makao, ikifundisha kwamba makao ni haki ya mtu. Nasi tunaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alikuwa tayari kulipa fedha, lakini hakuwa tayari kusikia neno «hapana».

Kwa hiyo, penye mpango wa kubomoa na kujenga upya, tuulize mambo matatu. Je, kila kaya imeandikwa kabla ya tofali la kwanza kuanguka, wapangaji pamoja na wajane? Je, ahadi ya kurudi imo katika maandishi, ikiwa na tarehe? Je, maskini akirudi, ataweza kulipia maji, lifti na ulinzi? Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo na wamiliki kuwa na chama chao. Katika chama hicho sauti ya mnyonge nayo isikike, maana anaweza kurudishwa kwa sherehe, kisha akafukuzwa na ankara.

Ndugu zangu, jadilini maswali haya katika jumuiya zenu ndogo ndogo. Mwenye mtoto anayepanga mjini na amuulize: jina lako limeandikwa wapi?