Kofia Isiyo na Jina

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



 

Ndugu Katibu aliponiandikia barua, aliniomba nieleze kazi ya makumbusho, maana ndiyo kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu kwa miaka 32. Nikajiuliza nianzie wapi. Makumbusho ina vyungu, ina ngoma, ina mikuki na viti vya watemi. Mwishowe nimechagua kabati moja tu, kabati la sare na kofia za askari. Nimelichagua kwa sababu kabati hilo linanikumbusha deni, na deni lenyewe nililikopa hapa hapa shuleni.

Mimi ni mtoto wa Runazi, wilaya ya Biharamulo. Nilipoingia shule hii mkoa wetu ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baadaye, mwaka 1979. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa Keya. Vijana, Keya ndivyo wazee wetu walivyoliita jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Baba alikwenda nalo Seiloni, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Burma, katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi nyumbani na blanketi, koti zito, cheti cha kuachishwa jeshi, na kofia moja ya pama.

Kabla sijasema habari za kofia hiyo, hebu niwafungulie kabati.

Kofia ya kwanza ni ya askari wa Wajerumani. Jeshi lao katika nchi yetu lilianza mwaka 1889 chini ya Hermann von Wissmann, na askari wake wengi wa mwanzo walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na wengine waliotolewa Msumbiji. Kofia yao ilikuwa tarbushi ya rangi ya kaki. Mbele ilibandikwa tai wa madini, alama ya dola ya Ujerumani, na nyuma ulining'inia ubao wa kitambaa wa kukinga shingo na jua. Wazee wa upande wetu walimjua tai huyo vizuri. Boma la Wajerumani lingali limesimama pale Biharamulo mjini hadi leo, na aliyeitwa bomani enzi zile alimwona tai kwanza, uso wa mtu baadaye.

Kofia ya pili ni tarbushi nyekundu ya askari wa Kongo, jeshi la Wabelgiji lililoitwa Force Publique. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi hilo lilivuka Rwanda, likaiteka Biharamulo mwezi Juni, likaendelea hadi kuiteka Tabora mwezi Septemba.

Kofia ya tatu ni ya Keya wa vita hiyo hiyo: kofia fupi ya kaki, nayo ina kitambaa cha kufunika shingo. Iliendana na kaptula, na vitambaa virefu vya kuzungushia miguu kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Chini ya vitambaa hivyo, mara nyingi, miguu ilikuwa mitupu.

Sasa wanafunzi, nisikilizeni hapa. Mwaka 1917 Waingereza walikiunda Kikosi cha 6 cha Keya, na waliowaingiza humo wengi walikuwa askari wa zamani wa Mjerumani, waliotekwa vitani. Maana yake ni kwamba mtu aliyemvaa tai mwaka 1914 aliweza kuvaa kofia ya Mwingereza mwaka 1918. Kichwa ni kile kile. Kofia ndiyo iliyobadilika. Kikosi hicho hicho kiligeuzwa mwaka 1961 kuwa sehemu ya Tanganyika Rifles. Jeshi hilo liliasi Januari 1964, likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Nilipokuwa nikizipanga kofia hizi nililiona jambo ambalo kwanza halikunisumbua. Kila kofia ilikuwa na kikaratasi. Kikaratasi kilitaja jeshi, kilitaja mwaka, pengine kilimtaja ofisa mzungu aliyeileta. Jina la mvaaji halikuwapo. Ndani ya kofia, kwenye ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso, doa la jasho lake lipo hadi leo, jeusi. Jasho limehifadhiwa, jina limepotea.

Siku moja nikaitoa kwenye sanduku kofia ya pama, ya sufu nzito, ukingo wake mpana umepindishwa juu upande mmoja. Kikaratasi kilisema: kofia ya askari, Afrika Mashariki, karibu 1944. Nikaketi chini. Wenzangu wakadhani nimepatwa na homa.

Ndugu zangu, wale wa darasa letu watakumbuka kwamba mwaka 1974, nikiwa kidato cha tatu, tuliandaa mchezo wa kuigiza juu ya vita vya Maji Maji. Mimi nilipewa sehemu ya askari wa Mjerumani. Tulikuwa na bunduki za miti, tai tulimkata kwenye kopo la maziwa, lakini tarbushi hatukuwa nayo. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Runazi, na wakati wa kurudi nikaitia kofia ya baba katika sanduku langu bila kuomba. Humu bwenini, kwa wembe, niliukata ukingo wote ukaisha. Ule ukanda wa ngozi wa ndani ulikuwa ukinikwaruza kipaji, nikaubandua nikautupa. Mchezo ulifana sana. Tulipigiwa makofi, na mimi nikasifiwa kwa kuwa na kofia nzuri kuliko wote.

Niliirudisha likizo iliyofuata. Baba aliipokea, akaigeuza juu chini, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Hakunipiga. Alisema tu, "Mwanangu, hii sasa si kofia ya mtu yeyote." Akampa mama, na mama akawekea mbegu za maharage.

Sikujua alichokuwa akikitafuta mle ndani. Nilikuja kukijua miaka mingi baadaye, wakati wazee waliopigana vita ile walipoitwa kuandikishwa ili wapate msaada kidogo. Cheti cha baba kilikuwa kimekwisha kuliwa na mchwa. Akaulizwa namba yake ya jeshi. Aliitaja yote, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, ambazo kila alipozitaja zilibadilika. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa mahali pamoja pengine: kwenye ukanda wa ngozi wa kofia. Aliniangalia, nami nikaangalia chini. Alirudi Runazi mikono mitupu, wala hakulisema jambo hilo tena hadi alipofariki.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu Mwanza, jirani zetu ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa askari wake katika vita ya 1914 hadi 1918. Inasemekana wazee wengi walifika Mwanza kudai haki yao, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Baadhi walileta vipande vya magwanda yao ya zamani, vimechakaa. Ofisa aliyekuja na fedha akawaza, kisha akamwita kila mzee mbele, akampa ufagio aushike kama bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Na wazee wale, baada ya karibu miaka hamsini, hawakukosea.

Kisa hiki huwachekesha watu. Mimi hakinichekeshi sana. Baba yangu naye angeweza kusimama na ufagio akapiga saluti ya kuwatosha majenerali wote. Ila hakuna aliyemwuliza kwa ufagio. Aliulizwa kwa namba.

Ndugu Mwenyekiti, wapo na wale ambao hata kofia hawakuwa nayo. Nawataja wapagazi, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Kwanza walibeba vichwani chakula na risasi za majeshi yote. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Tafuteni sare yao katika makumbusho. Hamtaiona, kwa kuwa hawakupewa. Kule Nairobi kuna sanamu za shaba za watu watatu, mmoja wao mpagazi, na maandishi chini yake yanawaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ahadi nzuri. Lakini majina yenyewe hayakuandikwa. Waliachiwa wana wao, yaani sisi.

Wengine watasema: mzee, hizo ni kofia za wakoloni, zinatuhusu nini? Swali hilo ni halali, na vijana walikuwa wakiniuliza kila wiki. Jibu langu ni hili. Mwenye jeshi alikuwa mkoloni, lakini mwenye kichwa alikuwa mtu wa kwetu. Wengine walilazimishwa, wengine walifuata mshahara, wengine walikwenda kwa sababu rafiki yao amekwenda. Yupo aliyewachapa viboko wenzake, yupo aliyemficha jirani yake. Tusipoyajua majina yao, hatutaweza kuwasifu wanaostahili sifa wala kuwalaumu wanaostahili lawama. Watabaki kuwa kundi la kofia.

Tena mambo haya si ya kale tu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu, yakaichukua nchi ya kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yaliiteka Kampala. Humu ukumbini wamo wenzetu waliokwenda vitani, wengine jeshini, wengine mgambo. Na wapo tuliokaa nao dawati moja ambao hawakurudi. Pale Kaboya, wilaya ya Muleba, wamezikwa askari wetu wa vita ile. Enyi vijana, mkipata nafasi, nendeni mkasimame pale kwa dakika chache.

Basi naomba mambo mawili.

La kwanza, Mwalimu Mkuu ameridhia kutupa kabati moja la vioo katika maktaba. Tulijaze. Anayeishi nyumba yenye koti la Keya, nishani, picha, barua au cheti, na akilete, au alete nakala yake kama kitu chenyewe kina mwenyewe asiyetaka kukitoa. Lakini sare za jeshi letu la leo msilete, maana sheria inamkataza raia kuwa nazo. Kwa vita ya Kagera leteni picha, majina na masimulizi. Na kila kitu kije na jina la mtu, kijiji chake, na lugha aliyosema. Kitu kisicho na jina nitakirudisha mlangoni mpaka mletaji akamwulize bibi yake.

La pili ni la nyumbani. Kofia ya sufu usiifue, usiitundike kwenye msumari. Ijaze ndani karatasi nyeupe isiyo na maandishi ili isikunjamane, uifunge katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa, siyo mfuko wa nailoni, kwa sababu nailoni hutunza unyevu. Iweke mbali na jua na juu ya sakafu, usije ukawalisha mchwa. Kila baada ya miezi michache ifungue utazame kama nondo wameingia. Usiisugue shaba mpaka ing'ae, maana kila unaposugua unaondoa maandishi kidogo. Na jina liandike kwenye kitambaa kidogo, ukishone kwa uzi mahali pasipoonekana. Kazi hii yote haizidi saa moja.

Mimi nimeanza. Mezani hapa mnaona kitu kama bakuli la sufu, kimeliwa na nondo pembeni. Mama aliendelea kukitumia kwa mbegu hadi uzeeni, na hivyo ndivyo kilivyopona. Ndiyo kofia ya baba yangu, au tuseme sehemu niliyoibakiza. Itakuwa ya kwanza katika kabati.

Nimeishonea kitambaa. Nimeandika jina lake kwa wino, nimeandika Runazi, nimeandika Seiloni na Burma. Nimeandika namba yake ya jeshi kama alivyoikumbuka, na nafasi mbili za mwisho nimeziacha wazi. Chini yake nimeandika: ukingo na ukanda wa kofia hii viliondolewa na mwanawe, mwanafunzi wa shule hii, mwaka 1974.