Shahidi Aliye Hai



Sisi tunaofundisha Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa kwayo, twaijua hofu ya mwanafunzi siku ya kwanza. Aziona herufi 24 ngeni, adhani hataweza. Basi twamtia moyo kwa Kiswahili chake mwenyewe. Twamwambia: "lyo" maana yake ni "nafungua", na "lyei" ni "afungua". Kama ilivyo kwetu, mtendaji yumo ndani ya neno lenyewe. Ila sisi twamtaja mwanzoni, na Wayunani humtaja mwishoni. Akiliona hilo, hofu yapungua.

Siku moja twafika kwenye neno "martys". Limeandikwa katika Matendo 1:8, Bwana anapowatuma wanafunzi wake. Limeandikwa tena katika Matendo 22:20, Paulo anapomtaja Stefano aliyepigwa mawe akafa. Hapo kwanza lilikuwa neno la barazani: mtu asimamaye mbele ya hakimu na kusema aliyoyaona. Baadaye likawa pia jina la waliouawa kwa ajili ya imani. Kiswahili nacho chazibeba maana hizo mbili katika neno moja, "shahidi", tulilolipokea kutoka Kiarabu.

Twalitamka neno hilo kwa uzito tukiikumbuka Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa chuoni pale, wengi wao wanafunzi. Wakristo walitengwa ili wauawe, na wengine walikutwa katika maombi ya asubuhi. Tangu hapo ni rahisi kudhani kwamba shahidi ni yule aliyekufa tu.

Lakini tarehe 21 Desemba mwaka ule ule, basi lilishambuliwa karibu na El Wak, katika Mandera. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo, nao wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Jirani alisimama upande wa jirani yake.

Ndugu, ikiwa yeye alifanya hivyo kwa ajili yetu, sisi twamshuhudia nini jirani yetu? Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na Wakristo wangali wanaishi na kufanya kazi katika mji ule. Yule anayefundisha watoto bila ubaguzi, anayemwuguza mgonjwa kwa upole, anayepima sukari dukani kwa mizani ya haki, anayemsalimu jirani bila kinyongo, huyo ni "martys" angali hai. Maana ya kwanza ya neno haijafutwa na ile ya pili.

Tuwaombee waliofiwa, na tuombe ujasiri wa kusema kweli leo, kwa maisha yetu. Mungu awabariki. Amina.