Rungu Mlangoni mwa Chuo

Ubaguzi wa rangi hausimami kwa miguu yake wenyewe. Husimamishwa na askari. Mambo yaliyotokea katika vyuo vikuu vya Afrika Kusini yathibitisha hayo.

Mwaka 1959 Bunge la Makaburu lilipitisha sheria iliyofunga milango ya vyuo vikuu kama Cape Town na Witwatersrand kwa wanafunzi wasio Wazungu, ila aliyepata kibali cha waziri. Waafrika wakatengewa vyuo vya kikabila, Wazulu kwao na Waxhosa kwao. Fort Hare, chuo kilichokuwapo tangu mwaka 1916, nacho kikatwaliwa na serikali.

Aprili 1972, katika mahafali ya chuo cha Turfloop, kijana Onkgopotse Tiro alisema wazi kwamba chuo kilichoitwa cha Waafrika kilitawaliwa na Wazungu, na kwamba wageni Wazungu walipewa viti vya mbele hali wazazi wa wahitimu wakikosa nafasi. Alifukuzwa. Wenzake walipogoma, wakafukuzwa kwa wingi.

Tarehe 2 Juni mwaka huo, wanafunzi Wazungu wa Cape Town walikusanyika kwenye ngazi za Kanisa Kuu la St George's kudai elimu iliyo sawa kwa wote. Polisi waliwapiga marungu, wakawafuata hata ndani ya kanisa. Siku hiyo rungu halikuuliza rangi. Liliuliza nani anapinga ubaguzi.

Tiro alikimbilia Botswana. Huko, Februari 1974, aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi. Septemba mwaka huohuo, wanafunzi wa Turfloop walikutana kushangilia ushindi wa FRELIMO, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wakatawanywa na polisi wenye mbwa. Vijana tisa walishtakiwa kwa ugaidi, na Desemba 1976 wakahukumiwa kifungo.

Ndugu Wasikilizaji, sheria ile leo haipo, wala serikali iliyoitunga haipo. Tangu mwaka 2005 Turfloop ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Limpopo. Lakini waliopigwa hawakumwona waziri aliyetia sahihi. Walimwona askari aliyeshika rungu. Askari aliyetoka kwa wananchi na alikumbuke hilo kila anapopokea amri: mtawala huondoka, askari hubaki kuishi na jirani zake.